Usimtafute mtoni: wabla wa mashavu ya dhahabu na jirani yake wa kichwa cheusi

Swali: "Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, na sasa nafanya kazi ya uuguzi San Antonio, Texas. Nyumbani, siku za mapumziko nilikuwa nikiandamana na waongozaji wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Huku nimeambiwa yuko ndege mdogo wa nyimbo aliye hatarini kutoweka, anayezaliana Texas peke yake, na kwamba anaonekana katika Hifadhi ya Jimbo ya Mto Guadalupe. Katikati ya Juni nilienda. Niliingia saa nne asubuhi, nikakaa chini ya ile miti mikubwa ukingoni mwa maji hadi saa saba. Niliona kadinali wekundu na tai wala mizoga, basi. Jamaa mmoja akanishauri nipige sauti ya ndege huyo kwenye simu, eti atakuja mwenyewe. Je, nifanye hivyo? Au nilienda mahali pasipo? Na yule mwenzake mwenye kichwa cheusi, ambaye naye wanasema yuko hatarini, nimtafute wapi?"

Dada yangu, hifadhi uliyokwenda ndiyo yenyewe. Ndege huyo anazaliana humo, umbali usiofika saa moja kwa gari kutoka mjini kwako. Ila ulikwenda wakati nyimbo zimekwisha, saa ambayo jua limeshakuwa kali, na ukakaa sehemu ya hifadhi asiyoishi. Habari ya simu nitaifikia, lakini kwa sasa chukua jibu fupi: hapana.

Tuanze na ndege mwenyewe. Kwa jina la kisayansi ni Setophaga chrysoparia. Hapa nitamwita wabla wa mashavu ya dhahabu. Uzito wake ni gramu kumi hivi, urefu sentimita kumi na mbili au zaidi kidogo. Ni kweli ulivyoambiwa: kila wabla wa aina hii duniani ameanguliwa katikati ya Texas, na hakuna aina nyingine ya ndege ambayo jimbo hilo linaweza kujidai kuwa ni yake peke yake namna hiyo. Ukiingia msimu wa baridi huhamia kwenye milima yenye misonobari na mialoni kusini mwa Meksiko, Guatemala, Honduras na Nicaragua. Serikali kuu ya Marekani ilimwingiza katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1990, kwanza kwa amri ya dharura mwezi Mei, kisha rasmi mwezi Desemba, na hadi leo yumo.

Wewe umepita mikononi mwa waongozaji wa Sokoke, kwa hiyo jambo ninalotaka kukuambia unalijua tayari, pengine bila kulifikiria. Hakuna mwongozaji wa pale atakayekupeleka kumtafuta yule bundi mdogo wa Sokoke kwenye miti ya mirihi. Atakupeleka kwenye mifunda, kwenye udongo mwekundu, kwa sababu bundi yule hana haja na mrihi. Na ukitaka kumwona mnana wa Clarke, atakugeuza njia akurudishe kwenye mirihi. Msitu mmoja, na kila ndege ana miti yake. Texas ni hivyo hivyo. Ukisema unamtafuta wabla wa mashavu ya dhahabu, mtu anayejua atakuuliza kwanza kama umeiona miti yake.

Mti wake ni mjunipa, Juniperus ashei, wa ukoo mmoja na mwangati unaoota kwenye milima yetu ya Kenya na Usambara. Wenyeji wa Texas wanauita "cedar", na wengi wanauchukia. Chavua yake hupeperuka kuanzia Desemba hadi Februari, na bila shaka umeshawapokea kazini wagonjwa wa Januari wenye macho mekundu na pua zisizokauka. Wafugaji nao wanaulaumu kwamba unakunywa maji ya chemchemi na kuua majani ya mifugo. Kwa sababu hizo, pamoja na biashara ya nguzo za uzio, mijunipa imekatwa na kung'olewa kwa matingatinga kwa miaka mingi, hasa kwenye ardhi tambarare ambako mashine hufika kwa urahisi. Ile mizee iliyobaki, kwa sehemu kubwa, imebaki kwenye miteremko na kuta za makorongo. Huko ndiko aliko ndege wako.

Nasema mizee kwa makusudi. Mjunipa mchanga una gome lililoshikamana na shina. Ukishapita miaka ishirini hivi ndipo gome huanza kuchanika na kuning'inia katika nyuzi ndefu za kahawia iliyopauka. Jike la wabla huvuta nyuzi hizo moja moja, akazifunga kwa utando wa buibui, akajenga kiota kwenye panda la tawi. Kikikamilika hufanana na shina kiasi kwamba unaweza kusimama chini yake usikione. Bila gome hilo hajengi. Mahali penye mijunipa michanga tupu, hata iwe mingi kiasi gani, hapamfai.

Lakini mjunipa peke yake hautoshi. Chakula chake katika majira ya kuchipua ni viwavi, na viwavi wengi wako kwenye mialoni inayotoa majani mapya Machi na Aprili. Kwa hiyo unachotafuta ni mchanganyiko: mijunipa mizee na mialoni pamoja, matawi ya juu yamekutana, chini kuna kivuli, na ardhi inateremka. Ile miti mikubwa uliyokaa chini yake ni misaipresi ya maji. Ni miti mizuri, na mchana inalaliwa na bundi, lakini kwa wabla si nyumbani. Ukifika hifadhini upe mto kisogo, panda kuelekea kwenye vilima, na kagua mashina. Ukiona magome yananing'inia na majani ya mwaloni juu ya kichwa chako, simama hapo. Askari wa hifadhi langoni wanajua ni njia zipi za miguu zinazopita kwenye misitu hiyo; waulize bila aibu, ni swali wanalolisikia kila mwaka. Pembeni ya hifadhi ipo pia Honey Creek, eneo la asili la jimbo ambalo huingii ila kwa matembezi yanayoongozwa. Mimi ningeanzia huko kama nafasi ipo, maana kiongozi atakuonyesha miti kwa kidole na baada ya hapo hutahitaji kuonyeshwa tena.

Sasa wakati. Madume huwasili mapema Machi, majike siku chache baadaye. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Mei dume anaimba karibu mfululizo: anavutia jike na kuwaambia madume wengine mpaka uko wapi. Vifaranga wakishatoka kiotoni, wazazi wote wawili hushughulika kuwalisha na sauti hupungua. Juni familia zinazurura kimya kimya kwenye vilele vya miti, na kabla Julai haijakwisha wengi wameshaanza safari ya kusini. Wewe ulikwenda wakati ambapo hata mimi ningerudi mikono mitupu. Chagua Jumamosi ya mwishoni mwa Machi au ya Aprili, na uwe kwenye mteremko jua linapochomoza, saa moja na robo hivi asubuhi kwa saa za huko. Ikifika saa nne, kaa kivulini unywe chai yako, asubuhi imekwisha.

Utamsikia kabla hujamwona, na mara nyingi utamsikia kwa muda mrefu sana kabla hujamwona. Usitegemee sauti ya filimbi. Wimbo wake ni wa mkwaruzo, unakaribia sauti ya nyenje: zii, zuu, zidii-ziip, na mwisho wake hupanda. Ukiwa na programu ya Merlin ya chuo cha Cornell kwenye simu, ile inayotambua ndege kwa sauti, iwashe isikilize. Hiyo ni halali kabisa kwa sababu haitoi sauti yoyote, inapokea tu. Nyumbani, sikiliza humo wimbo wake wiki nzima kabla ya safari ili sikio lizoee, na ukiwa msituni usiiamini peke yake. Nayo hukosea, hasa ndege kadhaa wakiimba kwa pamoja. Ndani ya programu mtafute kwa jina lile la kisayansi.

Ukishamsikia, usimkimbilie. Dume ana miti michache anayoipenda kuimbia na huizunguka, kwa hiyo mtu aliyesimama pale pale kwa robo saa humwona mara nyingi kuliko anayemfuata huku akivunja matawi. Darubini ya 8x42 inatosha. Ya kukuza zaidi itakusumbua kwenye kivuli. Tazama juu, kwenye ncha za matawi, mahali majani yanapotikisika bila upepo.

Kuna mmoja atakayekudanganya. Aprili na mwanzoni mwa Mei hupita Setophaga virens, ndugu yake wa karibu, akielekea misitu ya kaskazini. Naye ana koo jeusi na uso wa manjano, na wimbo wake pia una mkwaruzo. Tazama shavu. Wa kwako ana shavu la manjano safi lililokatwa na mstari mmoja mwembamba mweusi unaopita jichoni, na dume lake ni jeusi utosini na mgongoni. Yule mpita njia ana mgongo wa kijani kibichi, na katikati ya shavu lake kuna kivuli cha kijani kana kwamba limechafuka. Jike la wabla wako ni gumu zaidi, maana mgongo wake nao una rangi ya kijani yenye michirizi. Shika neno langu, mara ya kwanza mtafute dume.

Nije kwenye simu. Aliyekushauri hakukudanganya kuhusu matokeo: ukipiga wimbo wake katikati ya eneo lake, dume huja, tena mbio. Huja kwa sababu amesikia mgeni ameingia nyumbani kwake. Anaacha kula, anaacha kulinda jike na kiota, anatumia nguvu kumsaka adui asiyekuwapo. Ukiondoka wewe anakuja mwingine na simu yake, na hifadhi iliyo karibu na mji mkubwa kama San Antonio haikosi wageni. Zaidi ya hayo kuna sheria. Sheria ya Viumbe Walio Hatarini ya mwaka 1973 haikatazi kuua na kukamata tu. Inakataza pia kumsumbua kiumbe aliye kwenye orodha, na ndege huyu yumo. Najua kwingineko waongozaji hutumia vinasa sauti, hata kwetu wapo. Mimi sipendi popote, na kwa ndege wa orodha hii sikubali kabisa. Halafu, kwa mtazamo wa mtazamaji mwenyewe: Aprili asubuhi dume anaimba bure, bila kuombwa.

Jirani yake mwenye kichwa cheusi ni Vireo atricapilla, na hapa nirekebishe kidogo ulichoambiwa. Alikuwa kwenye orodha ya walio hatarini kuanzia 1987, wakati ndege waliojulikana walikuwa kama 350 tu. Mwaka 2018 aliondolewa kwenye orodha, na si kwa sababu ametoweka. Ameongezeka. Habari njema za namna hii ni chache katika kazi yetu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Vireo huyu anataka kinyume cha anachotaka wabla. Hataki msitu mzee uliofunga. Anataka vichaka vifupi vya mwaloni vyenye majani hadi ardhini, vimetawanyika na uwazi katikati, kwa sababu kiota chake hukining'iniza kwenye panda la kijiti, mara nyingi chini ya usawa wa kifua cha mtu. Zamani moto wa porini ndio uliokuwa ukivichipusha upya vichaka hivyo. Watu walipouzuia moto, mijunipa ikavifunika. Penye mbuzi, nao walikula majani yote ya chini, na nyanda za juu za Edwards, hapo katikati ya Texas, zilijaa mbuzi wa sufu ya mohair. Mtu wa Kilifi hahitaji kuelezwa mbuzi anaweza kufanya nini kwa kichaka. Kulungu walioongezeka kupita kiasi wakamalizia kilichobaki.

Juu ya hayo kulikuwa na kaubadi, Molothrus ater, ndege ambaye hajengi kiota chake maisha yake yote. Jike hutaga kwenye viota vya wengine na kwenda zake. Alizoea kufuata makundi ya nyati wa Marekani, akila wadudu wanaofurushwa na kwato. Nyati walipokwisha akahamia kwa ng'ombe, na ng'ombe wako kila mahali. Yai lake huanguliwa siku kadhaa kabla ya mayai ya vireo, kinda lake ni kubwa na lina pupa, na makinda wenye nyumba hufa njaa. Katika kambi ya jeshi ya Fort Hood, kabla ya kuwekwa mitego ya kaubadi, sehemu kubwa ya viota vya vireo ilikuwa imeshaingiliwa. Mitego ilipowekwa mwaka hadi mwaka, moto wa kupangwa ukarudishwa na mbuzi wakapunguzwa, ndege wakarudi.

Utaona hapo ugumu wa kazi ya mhifadhi wa Texas. Moto unaomjengea vireo nyumba unaweza kuiteketeza ya wabla, na gome la miaka ishirini halirudi msimu ujao. Ndiyo maana hifadhi zenye ndege wote wawili hugawanywa: huku kunachomwa, kule hakuguswi. Ukikuta mahali pameungua na pengine pameachwa gizani katika hifadhi moja, usidhani ni uzembe.

Kwa vireo nenda Hifadhi ya Jimbo ya Mto South Llano, karibu na mji mdogo wa Junction, kama saa mbili kwa gari kutoka kwako kwa barabara kuu ya I-10. Ardhi yake ilitolewa zawadi kwa jimbo na mfugaji Walter Buck mwaka 1977, na hifadhi ikafunguliwa kwa umma mwaka 1990. Vireo huwasili baadaye kuliko wabla, kwa hiyo lenga katikati ya Aprili hadi Juni. Tena, usibaki kwenye mipekani ya bondeni. Panda nyanda za juu penye vichaka. Dume lina kichwa cheusi, miwani nyeupe kuzunguka macho, macho yenyewe mekundu, mgongo wa kijani cha zeituni. Anaimba kwa haraka haraka, vipande vifupi visivyofanana, na tofauti na wabla huendelea hata jua la mchana likiwa kali. Lakini ni fundi wa kujificha. Utamsikia kwenye kichaka kilicho mbele ya miguu yako, utakizunguka, na atakuwa ameshahamia cha pili. Chagua pengo kati ya vichaka viwili, elekeza darubini hapo, ngoja avuke.

South Llano pana faida nyingine inayokufaa wewe unayependa kukaa: vibanda vya kuangalizia ndege, vyenye maji yanayodondoka mbele ya madirisha. Mchana wa joto ndege hushuka kunywa na kuoga, na hapo unaweza kumwona Passerina ciris, ndege wa kichwa cha buluu, mgongo wa kijani na kifua chekundu, ambaye mtu akikuchorea utasema amezidisha rangi. Ukipanga kwenda miezi ya baridi, jua kwamba sehemu ya bondeni hufungwa kwa wageni kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi, kwa kuwa batamzinga wa porini hulala kwenye miti ile kwa wingi. Na ukilala kambini usikose kutazama juu. Hifadhi hiyo inatambuliwa kimataifa kwa giza la anga lake.

Mambo madogo. Weka nafasi ya kuingia kwa intaneti mapema, hasa Guadalupe. Jumamosi za Aprili hujaa, na usipokuwa na nafasi utageuziwa langoni hata kama umetoka mbali. Vaa suruali ndefu na uipulizie dawa ya wadudu miguuni, maana kupe wapo, na wapo wadudu wadogo wekundu wa nyasini ambao huwaoni mpaka vipele vitokee usiku. Dungusi kakati zimejaa vichakani, nyoka wa kengele mkiani wapo pia: tazama kabla ya kukanyaga, na usikanyage ukiwa na darubini machoni. Usitoke kwenye njia msimu wa viota, hasa South Llano ambako kiota kinaweza kuwa kwenye usawa wa goti lako.

Na mto wenyewe usiuchukulie kwa wepesi. Nchi ile ni ya mawe yenye udongo mwembamba, mvua ikinyesha juu hainywewi, inashuka. Tarehe 4 Julai 2025 mto Guadalupe ulifurika usiku huko juu katika kaunti ya Kerr na zaidi ya watu mia moja wakafa. Soma tangazo la hifadhi asubuhi ya safari, na ukiona utabiri wa mvua kubwa ahirisha.

Kama Aprili itapita na ratiba ya hospitali haijakuachia Jumamosi hata moja, bado una wiki za mwanzo za Mei, lakini hapo ningekushauri uende Lost Maples, eneo jingine la asili la jimbo, kwenye mto Sabinal karibu na kijiji cha Vanderpool. Makorongo yake ni marefu na yana kivuli, mijunipa ni mizee, na dume la wabla huko huimbia karibu na njia ya miguu. Ufike kabla ya saa mbili asubuhi, upite bwawa, ushike njia inayofuata kijito.